Je, Wajua? Madaktari Wakitoka Ukumbini

Je, wajua kwamba kuna madaktari watatu waliowahi kutazama nyuso zao zikiwaka moto hewani, na watu wakapiga makofi? Ilikuwa Agosti 1881, London ilipokuwa mwenyeji wa Mkutano wa 7 wa Kimataifa wa Madaktari. Wajumbe walizidi 3,000. Kwenye dhifa ya Crystal Palace, lile jumba kubwa la vioo kusini mwa mji, mafundi wa fataki walichora kwa cheche sura ya rais wa mkutano, Sir James Paget, kisha ya Mfaransa Charcot na ya Mjerumani Langenbeck. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimepigana miaka kumi tu nyuma, na chuki ilikuwa haijapoa. Usiku ule ziliwaka pamoja bila mtu kuungua.

Siku chache kabla, sanamu ya William Harvey, yule aliyeeleza jinsi moyo unavyozungusha damu mwilini, ilikuwa imezinduliwa Folkestone, mji wa pwani alikozaliwa mwaka 1578. Hiyo ndiyo ziara ya heshima ambayo kila mkutano huwa nayo: treni, hotuba, sanamu, chakula, treni.

Waliotaka udaku walikwenda Highgate, kaskazini mwa London. Huko, kwenye bustani ya nyumba iitwayo Holly Lodge, tajiri Angela Burdett-Coutts, mrithi wa mali ya benki ya Coutts, aliwaandalia wajumbe tafrija ya mchana. Mama huyu alikuwa gumzo la mji. Februari ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 66, aliolewa na katibu wake mwenye miaka 29, mzaliwa wa Marekani. Wasia uliomtajirisha ulikuwa na sharti: akiolewa na mtu asiye Mwingereza, mali inaondoka. Basi ikaondoka kweli, sehemu tatu kwa tano ya mapato yake yote. Naamini wapo wajumbe waliokwenda kumtazama bwana harusi zaidi kuliko maua. Mchoraji Archibald Preston Tilt aliichora tafrija ile, na picha ingalipo London katika hazina ya Wellcome: kofia ndefu nyeusi, magauni, na miti mikubwa.

Magauni hayo yasikudanganye. Wanawake waliokuwa madaktari kamili, wenye vyeti vyao, walizuiwa kuingia kwenye vikao vya mkutano uleule. Kwenye chai kina mama walikaribishwa; kwenye sayansi, hapana.

Je, wajua pia kwamba wiki hiyo Mfaransa Louis Pasteur na Mjerumani Robert Koch walikutana, na wakaelewana? Koch, kijana wa miaka 37, alionyesha namna ya kuotesha vijidudu juu ya lishe iliyogandishwa, ili kila aina ijitenge na nyingine. Pasteur alimwambia kuwa hayo ni maendeleo makubwa. Mwaka uliofuata tu, kwenye mkutano wa Geneva, wakagombana hadharani. Inasimuliwa kwamba Pasteur alitaja mkusanyo wa maandishi ya Wajerumani, kwa Kifaransa *recueil*, na jirani aliyekuwa akimtafsiria Koch akasikia *orgueil*, yaani kiburi. Koch alisimama akifoka, naye Pasteur hakujua kosa lake ni lipi.

Huyu ndiye Koch aliyekuja kwetu Afrika Mashariki baadaye. Mwaka 1906 alipita Amani, katika milima ya Usambara, kisha akaweka kambi visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa dawa ya atoksili, yenye aseniki. Baadhi ya wagonjwa wake walipofuka. Kwa safari hiyo hapakuwa na fataki.

Kuchanganya mkutano na utalii hakukuanzia London. Mkutano wa kwanza kabisa wa mfululizo huo wa kimataifa ulifanyika Paris mwaka 1867, jiji likiwa na Maonyesho makubwa ya Dunia. Sijui nani angebaki ukumbini. Siku hizi mambo yamebanwa. Kanuni za IFPMA, shirikisho la kimataifa la kampuni za dawa, zinakataza kampuni wanachama kuwalipia madaktari burudani au kumgharamia mwenza wa mjumbe. Kwa hiyo daktari aliyekuja Arusha kwa mkutano, akitaka kushuka Ngorongoro, hutoa hela mfukoni mwake. Au ndivyo inavyopasa.

Lakini matembezi ninayoyapenda kuliko yote ni ya Cesare Lombroso. Mwitaliano huyu alifika Moscow Agosti 1897 kwa mkutano wa 12 wa mfululizo uleule. Alikuwa maarufu kwa madai mawili: kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu na hata umbile lake humtambulisha, na kwamba kipaji kikubwa na wazimu ni ndugu wa damu. Mjini alijulikana kila kona, ila yeye alitaka kumwona mtu mmoja. Akasafiri hadi Yasnaya Polyana, kiasi cha kilomita 200 kusini, kumtazama Leo Tolstoy. Kwa nadharia yake, mwandishi mkubwa namna ile alipaswa kuwa na dalili za maradhi ya akili.

Alimkuta mzee wa karibu miaka 69 akicheza tenisi. Baada ya mchezo Tolstoy akamchukua kuogelea. Lombroso, aliyekuwa mdogo kwa miaka saba, akashindwa kumfuata. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipoonyesha kushangaa kwa nguvu zile, Tolstoy alinyoosha mkono akamwinua juu kama kijibwa. Walipozungumza habari za wahalifu wa kuzaliwa, mwenyeji alikunja uso na hakuukunjua.

Tolstoy aliandika katika shajara yake kwamba mgeni alikuwa kizee mwenye upeo mfupi. Miaka miwili baadaye ikatoka riwaya yake ya Ufufuo. Mahakamani anasimama mwendesha mashtaka anayejisikia, akitaka Katyusha Maslova apatikane na hatia ya mauaji ambayo hakukusudia. Anamwaga maneno ya kisomi yaliyokuwa fasheni wakati ule, na kati ya majina anayojifunika nayo limo la Lombroso. Limo pia la Charcot, yule wa fataki.