Khatumo: kati ya mstari wa ramani na majina ya mababu

Mtoto wa Kisomali aliyekulia malishoni, hata kabla hajajua kuandika jina lake, huweza kukutajia jina la baba yake, la babu, la baba wa babu, akapanda hivyo hivyo vizazi kumi na zaidi bila kukwama. Wenyewe huita orodha hiyo abtirsi. Hafundishwi ili aringie kumbukumbu. Wafugaji wa kule huhamahama kufuata mvua, na kila mahali hukutana na watu wasiowajua. Mkikutana kisimani, mnaanza kutajiana majina. Pale majina yenu yanapokutana ndipo panapoonyesha mna udugu gani, nani atachangia ngamia wa dia mtu akiuawa, na nani atasimama upande wako mambo yakiharibika.

Liwekeni hilo akilini, wanangu, kwa sababu bila hilo hamtaielewa Khatumo, utawala ninaotaka kuwaeleza.

Sasa fungueni ramani mtazame pembe ya Afrika. Katika miaka ya 1880 Waingereza walishika pwani inayotazama Ghuba ya Aden, wakaandikiana mikataba na koo mbalimbali za Kisomali. Upande wa mashariki wakaja Waitaliano. Mwaka 1894 wageni hao wawili wakakubaliana mstari wa kutenganisha maeneo yao, na wenye ngamia hawakuulizwa. Mstari ukapita katikati ya ndugu. Kundi la koo liitwalo Harti likagawanyika: Dhulbahante na Warsangeli wakahesabiwa kwa Mwingereza, Majeerteen kwa Mwitaliano. Na Dhulbahante hawakuwa wametia saini mkataba wowote na Mwingereza. Hadi leo wazee wao hulitaja jambo hilo, na ni haki yao kulitaja.

Wengi wa Dhulbahante waliingia katika vita vya Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, mwanachuoni na mshairi aliyepigana na wakoloni kwa zaidi ya miaka 20 pamoja na wafuasi wake walioitwa Madarwishi. Waingereza walileta hata askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Afrika Mashariki na Nyasaland kuja kupambana naye, kwa hiyo damu ya watu wa huku kwetu nayo imo katika mchanga ule. Makao yake makuu yalikuwa Taleh, ngome ya mawe yenye kuta nene na minara, iliyojengwa katikati ya nchi kavu. Mwanzoni mwa mwaka 1920 Waingereza wakaleta ndege za kivita 12, na ngome zake zikapigwa mabomu kutoka angani. Wafugaji wale hawakuwa wamepata kuona kitu kama hicho. Sayyid alitoroka, akafa mwaka huo huo ugenini, lakini magofu ya Taleh yapo mpaka leo.

Tuvuke miaka haraka. Tarehe 26 Juni 1960 eneo la Mwingereza lilipata uhuru, na tarehe 1 Julai likaungana na lile la Mwitaliano kuwa Jamhuri ya Somalia. Mwaka 1969 Rais Abdirashid Ali Sharmarke alipigwa risasi na kuuawa katika mji wa Las Anod, na siku chache baadaye jeshi likatwaa madaraka chini ya Siad Barre. Utawala huo uliwatesa watu wa kaskazini, hasa ukoo wa Isaaq. Mwaka 1988 ndege za serikali zilipaa kutoka uwanja wa Hargeisa zikaupiga mabomu mji huo huo wa Hargeisa. Ukilijua hilo, hutashangaa kwa nini mwaka 1991, serikali ya Barre ilipoanguka, watu wa kaskazini walitangaza Somaliland kuwa nchi huru kwa mipaka ile ile ya Mwingereza. Wengi wao walikuwa wamezika watoto. Waliuona mpaka huo kuwa ukuta wa kuwalinda.

Lakini ndani ya ukuta huo walikuwamo Dhulbahante na Warsangeli. Mwaka 1998 ndugu zao wa mashariki wakaanzisha jimbo la Puntland, makao yake Garowe, wakasema Harti wote ni wao, popote walipo. Ni kama kiwanja kimoja chenye hati mbili: mwenzako ana ramani ya mpima ardhi, wewe una ushahidi wa wazee wa ukoo, na kila mmoja anaapa kwamba hati yake ndiyo ya kweli. Kiwanja hicho ni mikoa ya Sool na Sanaag pamoja na Cayn, yaani sehemu za Buuhoodle. Las Anod, mji mkuu wa Sool, ulikuwa mikononi mwa Puntland hadi Oktoba 2007, majeshi ya Somaliland yalipouchukua.

Wakazi wakachoka kugombewa. Januari 2012 wazee, wasomi na watu waliorudi kutoka ughaibuni walikusanyika Taleh, ndiyo, pale pale penye ngome, wakatangaza utawala wao: Khatumo, ndani ya Somalia moja, haumo Somaliland wala Puntland. Mimi naona kuchagua Taleh kulikuwa na uzito kuliko hotuba zote zilizotolewa siku ile. Hata hivyo, kutangaza ni rahisi na kutawala ni kazi. Khatumo haikuwa na jeshi la maana wala bajeti, na viongozi wake hawakukaa pamoja kwa muda mrefu. Mwaka 2017 mmoja wao, Ali Khalif Galaydh, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Somalia, alifanya makubaliano na Somaliland, na wenzake wakayakataa. Ungedhani habari imeishia hapo.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mwanasiasa mmoja aliuawa Las Anod, baada ya wengine wengi kuuawa miaka iliyotangulia bila wauaji kujulikana. Vijana wakaingia barabarani. Tarehe 6 Februari 2023 wazee wa Dhulbahante, chini ya machifu wao waitwao garaad, wakatangaza kwamba wanataka kuwa chini ya serikali ya shirikisho ya Somalia iliyoko Mogadishu, na siku hiyo hiyo vita vikalipuka kati yao na majeshi ya Somaliland. Makombora yaliangukia nyumba, shule, misikiti na hospitali. Zaidi ya watu 150,000 walikimbia, wengi wakiwa wanawake na watoto. Wengine walivuka kuingia Ethiopia, katika eneo la Doolo lililokuwa tayari limeungua kwa ukame, wakapokewa na wenyeji ambao wenyewe hawakuwa na maji ya kutosha. Fikirini watoto wa umri wenu wakilala chini ya miti huko, daftari zimebaki nyumbani. Inaniuma kila nikiliwaza.

Agosti mwaka huo wapiganaji wa SSC-Khatumo, yaani utawala huo mpya wa Sool, Sanaag na Cayn, waliwafukuza wanajeshi wa Somaliland kutoka kambi ya Goojacade, nje kidogo ya mji. Oktoba serikali ya shirikisho ikautambua utawala huo, ukiongozwa na Abdikhadir Aw Ali Firdhiye. Mwaka 2025 ukageuzwa kuwa Jimbo la Kaskazini-Mashariki. Somaliland inalikataa, na Puntland nayo inalikataa.

Mzozo sasa umesogea hadi Sanaag, na hapo ndipo pagumu zaidi, kwa sababu katika mji wa Erigavo Waisaaq na Waharti wanaishi mtaa kwa mtaa. Mwishoni mwa 2024 risasi zililia huko pia. Lakini Erigavo ina kumbukumbu nyingine: mwaka 1993, baada ya vita, wazee wa koo zote za Sanaag walikaa hapo kwa miezi kadhaa, wakazungumzia mali zilizoporwa, malisho na visima, mpaka wakaafikiana kwamba wafugaji wapite na mifugo yao kwa amani. Baadhi ya waliokuwa vijana katika mkutano ule ni wazee sasa.