Urani ya Namtumbo: Siri imo ndani ya mito ya kale

Mwezi Julai mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mradi huo si mgeni masikioni mwa wasomaji wetu. Mwaka 2011 uliingia mikononi mwa Warusi kupitia shirika lao la nyuklia, Rosatom, na mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa pori la akiba la Selous usogezwe ili kuupisha.

Ubishi mwingi umekuwa juu ya fedha, wanyama na mionzi. Leo tunauliza swali la chini zaidi: urani hiyo ilifikaje pale? Jibu lake linawahusu sana watu wanaotegemea maji ya eneo hilo.

Mchanga na tope

Miaka zaidi ya milioni 200 iliyopita, Afrika ilikuwa bado imeshikana na Amerika ya Kusini, India na Antaktika. Kusini mwa Tanzania ya leo ardhi ilikuwa ikididimia na kufanya mabonde mapana. Mito ilishuka kutoka sehemu za juu, ikamwaga mchanga na kokoto, ikahama njia, kisha ikarudi. Palipotulia maji, lilibaki tope. Miti na majani yaliyosombwa yalifukiwa humo humo. Miamba ya zama hizo wataalamu huiita Karoo, na ndiyo pia iliyotupatia mkaa wa mawe wa Ngaka, katika mkoa huo huo wa Ruvuma.

Mchanga uligandamana ukawa mwamba, lakini ulibaki na vinafasi vidogo ambamo maji hupita. Tope nalo likawa tabaka gumu ambalo maji hayalipenyi kwa urahisi. Hivyo mto uliokufa uliacha njia ya maji chini ya ardhi, yenye sakafu na dari.

Urani ilifuata njia hiyo. Miamba mikongwe zaidi, kama granaiti, huwa na urani kidogo iliyotawanyika. Maji ya mvua yenye oksijeni huiyeyusha na kuibeba ndani ya mchanga, mpaka yafike mahali ambapo oksijeni imekwisha, kwa mfano penye mabaki ya miti au madini ya chuma na salfa. Hapo urani hushindwa kubaki ndani ya maji, ikaganda kwenye chembe za mchanga. Kidogo kidogo, kwa muda mrefu mno, hujikusanya ikawa mali.

Ndivyo ilivyokuwa pia Kayelekera nchini Malawi, Arlit nchini Niger, na Kazakhstan, nchi inayotoa karibu asilimia 40 ya urani ya dunia nzima.

Njia ile ile

Hapa ndipo penye uzito. Mwamba unaohifadhi urani ni mwamba unaopitisha maji. Kazakhstan hawachimbi mashimo makubwa. Huingiza maji yenye tindikali kwenye visima, yakayeyusha urani, kisha huyavuta juu. Njia hiyo imewahi kufikiriwa kwa Mto Mkuju pia. Usalama wake unategemea sana lile tope la kale: je, limefunika kila mahali, au pana sehemu ambapo mto ulilikata na kuacha mchanga ukigusana na mchanga?

Shimo la wazi nalo lina maswali yake. Hukata matabaka hayo na kuacha mabaki yenye mionzi ambayo lazima yazuiwe yasivujie kwenye maji. Na maji ya eneo hilo huelekea bonde la Rufiji.

Hatusemi urani isichimbwe. Tunasema kwamba kampuni inayotoboa ardhi kutafuta madini huwa tayari imeona mchanga uko wapi na tope liko wapi. Habari hizo ziwafikie wananchi wa Namtumbo kwa Kiswahili chepesi, na visima vyao vipimwe kabla kazi kubwa haijaanza, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Kupima baada ya madhara ni kufunga zizi ng'ombe wamekwisha toka.