Kulia Pamoja Kwanza

Leo twataka kwenda pamoja mpaka Burundi, nchi ndogo yenye vilima vingi, tujifunze jinsi watu waliomwaga damu wanavyoweza kuanza tena kuwa majirani.

Sisi wa Kenya tuna undugu na nchi hiyo. Mmoja wa wamisionari watatu walioanza kazi ya Kanisa la Marafiki kule Kaimosi mwaka wa 1902, Arthur Chilson, ndiye aliyekwenda baadaye kuanza kazi Kibimba, Burundi, mwaka wa 1934. Kanisa likakua, na shule na hospitali zikajengwa. Wahutu na Watutsi wakaomba pamoja, maana lugha yao ni moja, Kirundi, na hukaa juu ya vilima vile vile.

Ndipo tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walipomwua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuongoza nchi ile. Siku hiyo hiyo, pale Kibimba, wanafunzi Watutsi wa shule ya sekondari walifungiwa ndani ya jengo la kituo cha petroli, wakachomwa moto. Jeshi, ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa Watutsi, likawageukia Wahutu. Vita vikaendelea zaidi ya miaka kumi, na watu wapatao 300,000 wakafa.

Tusiisikilize habari hii kama wageni. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani, na majirani ndio waliofanya hivyo.

Wakubwa wa Burundi walitia sahihi mkataba kule Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mkataba ule uligawa vyeo, hata ikawa kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Kazi hiyo ilikuwa njema, nasi hatuidharau. Lakini mkataba hauwezi kumsaidia mjane anayekutana kisimani na mtu aliyemwua mumewe. Nani atamsaidia huyo?

Tangu mwaka wa 2003 Wakristo wa Kanisa la Marafiki katika Burundi na Rwanda wamekuwa na mafundisho yaitwayo Kuponya na Kujenga Upya Jumuiya Zetu. Hukutanisha watu kama 20 wa kilima kimoja, Wahutu kumi na Watutsi kumi, kwa siku tatu. Viongozi nao hutoka pande zote mbili. Siku ya kwanza hakuna anayetajiwa msamaha. Watu hufundishwa jeraha la moyo ni nini: kwa nini mtu hukosa usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, huwapiga watoto bila sababu. Wengi husikia kwa mara ya kwanza kwamba hawana wazimu. Siku ya pili kila mmoja hueleza aliyempoteza, na wengine husikiliza. Hapo Mhutu hugundua kwamba Mtutsi naye analia usiku, na Mtutsi hugundua vivyo hivyo.

Siku ya tatu huchorwa miti miwili, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, nao hutaja wenyewe mizizi na matunda ya kila mmoja. Kisha mtu hufungwa macho kwa kitambaa, naye mwenzake humshika mkono na kumwongoza nje, penye mawe na mashimo. Fikiri, msikilizaji, kumpa mkono mtu wa upande ule, nawe huoni!

Tukisoma Ayubu 2:13 twaona wale rafiki zake wakiketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, wasiseme neno. Walikosea baadaye, walipoanza kuhubiri. Hapo ndipo sisi wa makanisa tunapokosea pia. Twawasimamisha watu wawili mbele ya ibada, twawaambia washikane mikono, twapiga makofi. Jioni kila mmoja hurudi nyumbani na uchungu wake, na sasa anaona haya hata kuutaja, maana kanisa zima linajua kwamba amekwisha kusamehe.

Wala hatusemi kwamba Burundi imekwisha kupona. Mwaka wa 2015 ugomvi wa siasa ulizuka tena, na mamia ya maelfu wakaikimbia nchi.

Mafundisho hayo yaliletwa Kenya pia, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Hayahitaji jengo wala fedha nyingi. Wazee wa kanisa wawili, mmoja wa kila kabila, waweza kuanza kwa kukubaliana majina ya wale watakaoalikwa. Waandike kumi na kumi, wakianza na wale ambao siku hizi hukaa mabenchi ya mbali wasikutane mlangoni.