Je, Wajua? Vipande vya Ramani ya Kibera Hutumika Upya

Ukifungua ramani ya OpenStreetMap kwenye simu na kuikuza hadi kiwango cha 18, unachokiona si picha moja. Ni vipande vya mraba vilivyopangwa bega kwa bega, kila kimoja kikiwa na pikseli 256 kwa 256. Kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, kipande kimoja hufunika takriban mita 153 za ardhi kila upande. Ukiwa Gatwekera, kijiji kimoja cha mtaa wa Kibera, eneo hilo linatosha kuonyesha kichochoro, choo cha kulipia, bomba la maji na kanisa la mabati. Kila pikseli hula baiti 4 za kumbukumbu ya simu, kwa hiyo kipande kizima hula kilobaiti 256.

Kabla ya mwaka 2009, hakukuwa na sababu ya kukuza ramani kiasi hicho. Kibera ilikuwa doa tupu. Mwishoni mwa mwaka huo Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha mradi wa Map Kibera pamoja na vijana wa vijiji vya humo humo. Vijana hao walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakiandika kila zahanati, kila shule, kila mahali pa kuchota maji. Kwa ghafla palikuwa na kitu cha kutazama, na mwenyeji alistahili kukitazama kwa simu yake mwenyewe.

Simu yenyewe ilikuwa ipi? Mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza Huawei IDEOS kwa takriban dola 100, na Wakenya wengi wakashika Android kwa mara ya kwanza. Kioo chake kilikuwa na pikseli 240 kwa 320, na ilitumia Android 2.2. Kwa simu za kioo cha aina hiyo, masharti ya Android yalidai kila programu itengewe angalau megabaiti 16, na mtengenezaji hakuwa na sababu ya kuzidisha sana.

Sasa sogeza kidole. Toka Makina, kijiji kingine cha Kibera, panda hadi Ngong Road, pita Dagoretti Corner, ufuate Naivasha Road mpaka mtaa wa Kawangware. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 5. Wakati wowote kioo kinaonyesha vipande 6 hivi, yaani megabaiti moja na nusu, na hapo hakuna tatizo. Lakini safari nzima huhitaji zaidi ya vipande 100, na hivyo ni zaidi ya megabaiti 25. Programu ikiomba nafasi mpya kwa kila kipande na kutupa vya zamani, kumbukumbu hujaa njiani. Hapo huamka mzoataka, ile sehemu ya mfumo inayotafuta vitu visivyotumika tena ili ivifute. Kwenye Android 2.2 alikuwa akisimamisha programu nzima mpaka amalize, na mara nyingi alichukua zaidi ya milisekunde 100. Jicho huona hilo waziwazi: ramani inaganda, kisha inaruka.

Dawa yake watu wa Kawangware wanaiishi kila siku. Wengi wanaobeba mizigo sokoni hawana mkokoteni wao. Huukodi asubuhi, hubeba viazi, makaa au mitungi ya maji, na jioni huurudisha kwa mwenyewe. Hakuna anayeunda mkokoteni mpya kwa kila gunia kisha akauvunja mzigo ukishushwa. Akiba ya objekti, yaani vitu ambavyo programu huunda kwenye kumbukumbu, hufanya kazi hivyo hivyo: nafasi kadhaa hutengwa mapema, anayehitaji huchukua moja, na akimaliza huirudisha ikiwa nzima. Maktaba ya osmdroid, inayoonyesha ramani za OpenStreetMap kwenye Android, ina klasi yake ya kazi hiyo, BitmapPool. Kipande kilichotoka nje ya kioo upande wa Kibera hufutwa mchoro na kuchorwa upya kikiwa cha Kawangware, mahali pale pale kwenye kumbukumbu.

Akiba ya namna hii hupenda vitu vya ukubwa mmoja. Android ilipoanza kuruhusu picha mpya kuchorwa juu ya picha ya zamani, kuanzia toleo la 3.0 la mwaka 2011, picha hizo mbili zilipaswa kulingana kabisa. Sharti hilo lililegezwa kwenye toleo la 4.4, mwaka 2013. Ramani haikupata taabu hata kabla ya hapo, kwani vipande vyake vyote ni sawa. IDEOS, iliyobaki na 2.2, haikuonja faida hiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko simu hizi. Jeff Bonwick wa Sun Microsystems aliandika mwaka 1994 kwamba kukiandaa kitu mara nyingi hugharimu zaidi kuliko kukitafutia nafasi, basi kihifadhiwe kikiwa tayari. Linux, iliyo chini ya kila simu ya Android, ilichukua mbinu hiyo.

Napenda sana jinsi Android inavyoitumia ndani ya klasi ndogo iitwayo Message, ambayo programu huitumia kupokezana kazi. Message iliyo huru hushika anwani ya mwenzake aliye huru, naye ya mwingine, mpaka mwisho wa mlolongo. Anayeomba hupewa ya mbele, na ya pili inakuwa ya kwanza. Inaporudishwa husafishwa kila kilichokuwamo. Mlolongo una kikomo, 50, na zinazozidi huachiwa mzoataka. Hata mguso wa kidole chako juu ya ramani hutoka kwenye akiba kama hiyo.

Kusafisha huko si jambo dogo. Mkokoteni uliobeba makaa ukipakiwa unga bila kufagiliwa, mteja hukasirika, na kipande kisichofutwa huweza kuonyesha kijia cha Kibera katikati ya Kawangware. Kibaya zaidi ni kurudisha kitu ambacho bado kinatumika, maana sehemu mbili za programu hukiandikia kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu sishauri kila kitu kiwekewe akiba. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, objekti ndogo hupata nafasi upesi na mzoataka hufanya kazi bila kuisimamisha programu kwa muda mrefu, kwa hiyo akiba ya vitu vidogo huongeza makosa bila faida.

Picha ni jambo jingine; kuziwekea akiba bado kunafaa. Kwa vioo vya leo vyenye pikseli zilizosongamana, ramani nyingi hutumia vipande vya 512 kwa 512. Kimoja hula megabaiti nzima, mara nne ya kile cha zamani.