Je, Wajua? Dirisha Lisilokumbuka Kitu

Je, wajua kwamba dirisha la kompyuta ya zamani halikukumbuka kilichoandikwa ndani yake? Kijana wa Kwa Mathias, Kibaha, akianza kujifunza kutunga programu za madirisha kwa lugha ya C kwenye kompyuta ya zamani yenye Windows 3.1, ya mwaka 1992, atakutana na hili mapema. Anaandika "Karibu Kibaha" dirishani, analifunika kwa dirisha jingine, analifunua: maneno hayapo. Windows haikuyatunza, maana kumbukumbu ilikuwa ndogo. Huitumia tu programu ujumbe uitwao WM_PAINT, yaani chora upya, na kuchora ni kazi ya mtunzi mwenyewe. Programu nzima huishi hivyo, ikipokea ujumbe mmoja baada ya mwingine: kitufe kimebonyezwa, kipanya kimesogea, dirisha limefunuliwa. Isiporudi kuchukua ujumbe unaofuata, programu nyingine zote husimama, kama magari nyuma ya daladala iliyozimikia katikati ya barabara ya Morogoro.

Shilingi yetu nayo ina mtego wake. Kwenye C ya mashine hizo, namba ya aina ya int ilikuwa na biti 16, na mwisho wake ni 32,767. Mwenye duka akijumlisha mauzo yakafika shilingi 40,000, skrini humwonyesha -25,536! Dawa ni kutumia aina ya long, inayovuka bilioni 2.

Windows ya kwanza ilitoka Novemba 1985, na madirisha yake ya programu hayakuweza kupandana. Yalipangwa ubavu kwa ubavu hadi toleo la pili, mwaka 1987.

Je, wajua kwamba Dennis Ritchie alipoiunda C huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1972, Tanzania ilikuwa tayari na kompyuta? Wizara ya Fedha ilifunga ICT 1500 mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, wakati C ndiyo kwanza inachipukia. Vijana wengi wa wakati ule hawakuipata nafasi ya kujifunza C, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya wa leo kuirudia lugha hiyo.

Wala si lazima kusaka mashine ya zamani yenyewe. Kompaila ya Open Watcom ni ya bure na bado inatengeneza programu za Windows 3.1, na programu ya DOSBox, ukishaweka Windows 3.1 ndani yake, huziendesha kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.