Mteja wa Mkandarasi Mchanga Yuko Kwenye Boma

Pembezoni mwa Dar es Salaam, katika maeneo kama Chanika, Goba, Madale na Kigamboni, nyumba nyingi za kuishi hazijengwi kwa mkupuo mmoja, bali hupanda kadiri fedha za mwenye kiwanja zinavyopatikana: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa baada ya mkopo wa mshahara kutoka, na umaliziaji, yaani plasta, dari, sakafu na rangi, wakati familia imekwisha kuhamia ndani. Sababu ni ya kifedha. Benki ya Nyumba Tanzania ilifungwa mwaka 1995, na ingawa sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 pamoja na kampuni ya kuzipatia benki fedha za mikopo hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2010, vilifungua mlango upya, mkopo wa miaka 15 au 20 umebaki kuwa jambo la wachache. Kwa hiyo kampuni changa inayokaa ofisini ikimngoja mteja mwenye ramani mkononi na fedha za nyumba nzima benki inamngoja mtu ambaye ni nadra kuwapo, na ambaye hata akiwapo humwendea mkandarasi mwenye jina.

Mteja anayepatikana ni mwenye boma. Kwa lugha ya mafundi, boma ni nyumba iliyosimama kuta bila kupauliwa, yaani bila kenchi wala bati, na mtaa mmoja wa viunga hivyo unaweza kuwa na maboma kadhaa yaliyoota majani ndani. Mwenye boma amekwisha kuthibitisha mambo mawili ambayo mwenye kiwanja kitupu hajayathibitisha: kwamba ana nia ya kujenga, na kwamba fedha humfikia, hata kama ni kwa vipindi. Lililobaki kujulikana ni kwa nini kazi ilisimama, kwa kuwa aliyeishiwa fedha atarudi zikipatikana, ilhali aliyegombana na fundi wa kwanza huenda fedha anazo leo ila hamwamini mtu. Huyu wa pili ndiye anayestahili kutafutwa mapema, kupitia mjumbe au majirani wanaojua anakoishi.

Njia ya kumfikia ni kumpa ukaguzi mfupi wa maandishi kabla ya kuzungumza bei. Mkaguzi anayejua kazi ataona kozi ya juu ya matofali iliyolowa mvua misimu miwili hadi saruji ikaanza kupukutika, nondo za nguzo zilizoachwa wazi zikaliwa na kutu, na lenta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, iliyopasuka katikati ya dirisha la sebule. Ukurasa mmoja unaotaja kasoro hizo, unaoeleza ipi irekebishwe kabla ya kupaua na ipi inaweza kusubiri, humwonyesha mwenye nyumba kwamba mkandarasi ameangalia mali yake kabla ya kuangalia mfuko wake.

Uzito wa ukurasa huo unaelezwa vizuri na wanauchumi. Mwaka 1970 Phillip Nelson alitenganisha bidhaa ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua kabla ya kununua na zile ambazo ubora wake hujulikana kwa kuzitumia. Miaka mitatu baadaye Michael Darby na Edi Karni wakaongeza aina ya tatu, ambayo mnunuzi wa kawaida hawezi kuupima ubora wake hata baada ya kuitumia, na kwa hiyo hubaki kuinunua kwa imani. Nyumba ina sehemu za aina zote tatu: rangi huonekana, paa hujulikana mvua ikinyesha, lakini idadi ya nondo na umbali kati ya ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo hizo ndani ya nguzo, hufunikwa na zege siku moja na hazionekani tena. Asiyeweza kupima kazi hupima mtu, na ndiyo maana shemeji asiyejua kusoma ramani hupewa kazi akaachwa mkandarasi aliyesajiliwa.

Kampuni isiyo na shemeji mjini haina budi kuyaweka wazi yaliyofichika. Mteja aalikwe siku ya kumwaga zege, apigiwe picha za nondo na ringi zikiwa ndani ya fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege likiwa bado bichi, kisha apewe risiti za saruji pamoja na hesabu ya mifuko iliyotumika. Kwa kazi kubwa kidogo, kama nyumba ya ghorofa, inafaa kutengeneza michemraba ya zege yenye pande za milimita 150 na kuipeleka maabara ikavunjwe baada ya siku 7 na siku 28. Mtanzania anayejenga akiwa Muscat au London, ambaye pengine amekwisha kutuma fedha kwa ndugu na kuonyeshwa picha za nyumba ya mtu mwingine, atalipia ushahidi wa namna hii bila kunung'unika sana.

Majira nayo yana neno. Masika huanza Machi, na mwenye boma anayetaka kupaua kabla ya mvua hufanya uamuzi Desemba au Januari. Hata hivyo Desemba ndipo vikundi vingi vya kuweka na kukopeshana, VICOBA, huvunja mzunguko na kugawana akiba, na Januari ndipo ada za shule huila akiba hiyo, kwa hiyo mazungumzo yaliyoanza Novemba yana nafasi kubwa kuliko yanayoanza Februari. Mtwara na Lindi kalenda inaongozwa na minada ya korosho, kwa kuwa ndipo wakulima hupata fedha za kujengea, na mkandarasi asiyeifuatilia atashangaa kuona bati zimeisha madukani.

Katika kila eneo wapo watu wanaopata habari za ujenzi mapema: mchoraji ramani, mpima ardhi, dalali wa viwanja, mwenye kiwanda cha matofali na muuza duka la vifaa. Wengi wao watataka chao, na si kosa kuwapa, ila kamisheni inayofichwa ndani ya bei ya nondo hugunduliwa siku mteja anapouliza bei duka la pili. Ni heri itajwe kwenye mchanganuo wa gharama. Kibao cha eneo la ujenzi, ambacho wengi hukisimamisha kwa kuiogopa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, kinafaa kiandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye bodaboda, kwa kuwa hakuna tangazo la bei nafuu linalokishinda.

Zabuni za serikali hupitia mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST tangu mwaka 2023, na sheria ya ununuzi imetenga fungu kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Si soko la kuanzia kwa kampuni yenye mtaji mdogo, kwani malipo yakichelewa hata miezi michache tu, mafundi huwa wamekwisha kuhamia kwingine.

Kabla ya bei yoyote kutajwa, hati au barua ya mauziano ya kiwanja isomwe, mipaka ikaguliwe, na kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri. Waliokuwa Dar es Salaam wakati wa bomoabomoa ya Bonde la Msimbazi mwishoni mwa mwaka 2015, na ile ya Kimara mwaka 2017, wanajua alama nyekundu ya X huchorwa kwenye ukuta wa namna gani: ule uliosimama mahali pasiporuhusiwa kujengwa. Mteja asiyetaka karatasi zake zisomwe aachwe aende, hata kama amekuja na fedha taslimu.