Jua la Shinyanga na Kidonge cha Vitamini D

Kanda ya Ziwa haijawahi kulilia jua. Miji ya Shinyanga na Geita haifiki hata nyuzi nne kusini mwa ikweta, na ngozi inayopigwa na jua la huko hutengeneza vitamini D mwaka mzima. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamaasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu, na kwa afya ya mifupa 50 tu zinatosha.

Shida inaanzia chini ya ardhi. Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, dhahabu inachimbwa kwa kina cha zaidi ya mita 1,000. Anayeingia alfajiri anatoka jioni. Wa shifti ya usiku analala mchana. Kijana anayeshinda duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, huko Nyarugusu, Geita, naye ni hivyo hivyo. Hawa, pamoja na wazee wasiotoka ndani, ndio wenye sababu ya kumuuliza daktari kuhusu kidonge.

Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku. Aliyevuka miaka 70, 800. Bila usimamizi wa daktari asizidishe 4,000. Kopo likiandikwa maikrogramu, zidisha mara 40: maikrogramu 25 ni yuniti 1,000. Kidonge kimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa mfano ugali na sangara wa kukaanga, kwa sababu vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta.

Kidonge cha yuniti 50,000 ndicho cha kuogopwa. Daktari hukiandika mara moja kwa wiki, kwa muda maalumu. Anayekimeza kila siku anajilimbikizia, maana ziada haitoki haraka kwa mkojo. Kalsiamu hupanda kwenye damu. Huja kiu, kichefuchefu, kukosa choo, hatimaye figo kuharibika. Baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo nazo hubakiza kalsiamu mwilini, kwa hiyo mwenye presha amweleze mfamasia kabla ya kununua.

Wapo pia wanaotumaini kwamba kidonge hiki kitawakinga na TB, ugonjwa unaowaandama wavuta vumbi la miamba. Dar es Salaam, watu 4,000 wenye VVU na upungufu wa vitamini D waliwekwa kwenye utafiti. Nusu walipewa yuniti 50,000 kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha 2,000 kila siku hadi mwaka ukatimia. Matokeo ya 2020 yalionyesha kuwa TB haikupungua, wala vifo. Mchimbaji aliyekohoa wiki mbili apeleke makohozi yapimwe; vituo vya serikali hupima na kutibu TB bure.